Kijana mzima na katuni: Mambo ambayo wazazi wanapaswa kuyajua kuhusu anime

MARA nyingi ugomvi huanza na rimoti. Ni jioni mjini Ruangwa, timu ya Namungo inacheza ugenini na baba amerejea nyumbani mapema ili asipitwe na mchezo huo. Sebuleni anamkuta kijana wake wa kidato cha tatu amechomeka flashi kwenye runinga, macho hayabanduki kwa vijana wenye nywele zilizosimama kama miiba, wanaorushiana mipira ya moto huku wakizungumza Kijapani.

"Kijana mzima unaangalia katuni?" huuliza baba.

Swali hilo halisubiri jibu. Flashi huchomolewa, kijana huinuka na kwenda zake nje. Kwa dakika 90 zinazofuata, baba hupiga kelele, hushika kichwa na kumlaumu mwamuzi aliye mamia ya kilomita kutoka hapo, ambaye hawezi kumsikia.

Tukio la namna hiyo laweza kuwa la Ruangwa au Nachingwea, na laweza kuwa la Mbagala, Mwanza au Mombasa. Kila upande humwona mwenzake kuwa ndiye anayepoteza muda. Baba haelewi raha inayopatikana katika michoro. Kijana naye haelewi kwa nini raha ya baba yake iitwe ushabiki na yake iitwe utoto.

Chanzo cha mgogoro huo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ni neno moja tu: katuni. Wazazi wengi huamini kuwa kila kitu kilichochorwa na kikatembea ni cha watoto wadogo. Imani hiyo huleta madhara mawili kwa mpigo. Kwanza, humdhihaki kijana aliyekwishakua. Pili, na hili ndilo zito zaidi, humwacha mtoto wa miaka 6 mbele ya runinga akitazama mambo yaliyotungwa kwa ajili ya watu wazima, kwa kuwa tu mambo hayo yamechorwa.

Anime ni nini?

Anime ni neno ambalo Wajapani hulitumia kwa filamu na tamthilia za michoro inayohuishwa ikaonekana kama inatembea na kusema. Nje ya Japani, neno hilo humaanisha kazi za aina hiyo zinazotoka katika nchi hiyo. Nyingi kati ya hizo hutokana na manga, yaani hadithi za vibonzo zinazochapishwa magazetini na vitabuni.

Historia ya anime za televisheni kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Januari 1, 1963, siku ilipoanza kuonyeshwa Astro Boy, kazi ya mchoraji Osamu Tezuka. Ni kisa cha mtoto wa chuma aliyeundwa na mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe. Tangu mwanzo, basi, tasnia hiyo haikukwepa msiba.

Mwaka 1968 lilianzishwa gazeti la vibonzo la Weekly Shonen Jump. Humo ndimo zilimoanzia hadithi ambazo vijana wa Afrika Mashariki huzitaja kama wanavyotaja majina ya wachezaji wa Simba na Yanga: Dragon Ball ya Akira Toriyama mwaka 1984, One Piece ya Eiichiro Oda mwaka 1997, na Naruto ya Masashi Kishimoto mwaka 1999.

Ulimwengu wa filamu nao uliitambua kazi hiyo. Mwaka 2003, filamu ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki ilitwaa tuzo ya Oscar, na mwaka 2024 mzee huyo alitwaa nyingine kwa filamu ya The Boy and the Heron, akiwa na umri wa miaka 83.

Kwa nini mzazi haoni anachokiona mwanawe?

Jibu la kwanza limo katika historia ya televisheni yenyewe. Wakati mtoto wa Tokyo akitazama Astro Boy mwaka 1963, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kuwa nayo miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ziliporuhusiwa stesheni za binafsi kama ITV. Kati ya Astro Boy na ITV imepita miaka 31.

Kwa mikoa ya Kusini umbali ulikuwa mkubwa zaidi. Hadi Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, msimu wa mvua uliweza kuikata Lindi na Mtwara zisifikike kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mzazi aliyezaliwa Nachingwea miaka ya 1970 alilelewa na redio. Hadithi aliisikiliza. Picha aliichora mwenyewe kichwani.

Mwanawe amezaliwa katika dunia nyingine. Amekuta king'amuzi, simu ya mkononi, bando na flashi. Amekuta pia vijana wenye kompyuta wanaorusha nyimbo na muvi kwa malipo kidogo, ambao kwao tamthilia nzima ya Kijapani huhamia kwenye flashi kwa muda wa kunywa soda moja. Kilichochukua miongo kadhaa kutengenezwa humfikia siku moja.

Jibu la pili ni lugha. Anime nyingi huja kwa Kijapani zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mwanafunzi wa sekondari huyasoma kwa kasi, na wengine hujifunzia Kiingereza humo humo. Mzazi asiyejua Kiingereza, au ambaye macho yake hayakimbii tena kama zamani, hubaki na kelele na rangi. Kwake hakuna hadithi pale, bali kuna fujo tu.

Kwamba kikwazo ni lugha, wala si ugeni wa jambo lenyewe, kulithibitika miaka kadhaa iliyopita. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu msichana Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Beijing ni mbali kama Tokyo, lakini ugomvi wa mkwe na mkaza mwana hauhitaji pasipoti. Tamthilia hiyo ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam, Machi 2013.

Wazee wa katuni

Lipo jambo ambalo wazazi wengi wamelisahau: nao walikuwa watu wa katuni.

Mwaka 1967 mchoraji Christian Gregory alimtambulisha Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Mhusika huyo alipendwa hata jina lake likageuka kuwa jina la vibonzo vyote, watu wakasema "chakubanga" wakimaanisha mchoro wowote wa kuchekesha gazetini.

Miaka ya 1970 likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake liliunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Waliokuwa vijana wakati huo wanawakumbuka Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe. Nakala moja ilipita mikono mingi hadi kurasa zikalegea. Wapo walioificha ndani ya daftari la hesabu, na wapo waliochapwa kwa kukutwa nayo darasani.

Je, Sani lilikuwa gazeti la watoto? Mwenye kulikumbuka anajua kwamba halikuwa hivyo. Humo mlikuwa na wanaume wahuni, wanawake wenye hila, matapeli wa mjini na washamba waliotapeliwa. Lilikuwa gazeti la watu wazima lililochorwa.

Hata leo, msomaji wa gazeti anayefungua ukurasa wa katuni kabla ya tahariri hajioni mtoto. Michoro ya Masoud Kipanya, au ya Godfrey Mwampembwa, maarufu Gado, Mtanzania aliyejiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992, imewasema wakubwa kwa namna ambayo makala ndefu haikuthubutu. Msomaji huyo amekwishakubali kwamba mchoro waweza kubeba neno zito. Kilichobaki ni kukubali kwamba mchoro huo unaweza pia kutembea.

Filamu mbili, siku moja

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Japani yenyewe. Aprili 16, 1988, studio ya Ghibli ilizindua filamu mbili kwa pamoja, zikionyeshwa moja baada ya nyingine katika majumba ya sinema.

Ya kwanza ni My Neighbor Totoro ya Miyazaki. Ni kisa cha wasichana wawili waliohamia kijijini na kufanya urafiki na kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayeishi msituni. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuitazama akiwa amepakatwa na bibi yake.

Ya pili ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Ni kisa cha kijana na mdogo wake wa kike waliopoteza mama yao katika mashambulizi ya mabomu mjini Kobe wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watoto hao wanahangaika peke yao hadi njaa inawaua wote wawili. Hakuna muujiza unaotokea kuwaokoa. Watu wazima wengi hawawezi kuitazama mara mbili.

Filamu zote mbili zimechorwa kwa mkono, zimetoka studio moja na zilitolewa siku moja. Atakayeziweka zote kwenye kapu moja la "katuni" atakuwa amekosea mara mbili.

Wajapani wenyewe huzipanga kazi hizo kulingana na mlengwa. Zipo za kodomo, yaani watoto wadogo, kama Doraemon. Zipo za shonen, zinazolenga wavulana wanaobalehe, na shojo, zinazolenga wasichana wa umri huo, kama Sailor Moon. Kisha zipo za seinen na josei, zinazowalenga wanaume na wanawake waliokwishakua. Katika kundi hilo la mwisho yamo mauaji ya kutisha, siasa, mapenzi na hata mambo ya chumbani.

Aidha, mipaka hiyo si ukuta. Death Note, kisa cha mwanafunzi anayepata daftari la kuulia watu kwa kuandika majina yao, ilitoka katika gazeti la wavulana. Attack on Titan, ambamo majitu hula binadamu hadharani, nayo ilichapishwa katika gazeti la kundi hilo hilo. Jina la kundi halitoshi. Inabidi kazi yenyewe itazamwe.

Jando, unyago na umri wa hadithi

Kwa watu wa Kusini, fikra kwamba kila neno lina umri wake si ngeni hata kidogo. Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, kama walivyo majirani zao Wamakua na Wamakonde, wamewalea watoto kwa jando na unyago kwa vizazi vingi. Yapo yaliyosemwa mbele ya kila mtu, na yapo yaliyosubiri hadi mtoto avuke. Hakuna aliyedhani kuwa wimbo wa unyagoni ni wa watoto kwa sababu tu unaimbwa na una ngoma.

Hali ni hiyo hiyo katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mtoto mdogo humkimbia mchezaji aliyevaa kinyago akidhani ni mzimu. Aliyepitia jando anajua kuna mtu ndani yake. Kinyago ni kile kile. Kinachobadilika ni umri wa mtazamaji na mafunzo aliyopewa.

Mzazi mwenye hazina hiyo ya malezi anayo tayari silaha anayoihitaji. Badala ya kuuliza, "Kwa nini unaangalia katuni?" anaweza kuuliza swali lenye uzito zaidi: "Hii ni ya watu wa umri gani?"

Swali hilo linaeleweka pia kisheria. Nchini Tanzania, Bodi ya Filamu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ina wajibu wa kukagua filamu na kuzipangia madaraja kwa umri. Lakini bodi haikai sebuleni, na kilichopita kwenye flashi hakikupita mezani kwake. Nyumbani mkaguzi ni mzazi.

Hofu za wazazi zina ukweli

Ingekuwa dhuluma kuwaona wazazi kama watu wasioelewa tu. Yapo wanayoyahofia ambayo yana msingi.

La kwanza ni muda. Naruto pamoja na mwendelezo wake ina vipindi 720. Kila kimoja huchukua takriban dakika 23. Mwenye kuvitazama vyote hutumia saa 276, sawa na siku 11 na nusu bila kulala. One Piece, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999, imepita vipindi 1,100. Kila kipindi hukatishwa pale pale ambapo mtazamaji hawezi kulala bila kujua kilichofuata. Hiyo si bahati mbaya, ndiyo kazi ya mtunzi.

La pili ni fedha, na Kusini fedha ina majira yake. Minada ya korosho kupitia vyama vya ushirika, kikiwamo RUNALI kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hushamiri kati ya Oktoba na Desemba. Ndiyo miezi ambayo nyumba hupata simu mpya na bando halikosekani. Mitihani ya kidato cha nne nayo hufanyika Novemba. Kishawishi na mtihani hufika kwa basi moja.

La tatu ni imani. Katika Naruto, mhusika mkuu amefungiwa ndani ya mwili wake mbweha mwenye mikia tisa. Nyingine zina mizimu, mashetani na miungu mingi. Kwa nyumba ya Kiislamu au ya Kikristo, hayo hushtua. Ni kweli kwamba mambo hayo yametokana na ngano za Kijapani, kama vile Sungura na Fisi walivyotokana na ngano za huku, na mtunzi hamwombi mtazamaji ayasujudie. Hata hivyo, mzazi ana haki ya kutaka mwanawe ajue tofauti ya ngano na ibada, na hawezi kumfundisha tofauti hiyo kwa kitu ambacho hakukitazama.

La nne ni maadili. Baadhi ya anime huwachora wasichana kwa namna isiyo na staha, hata katika kazi zinazowalenga vijana. Hilo mashabiki wenyewe hulijua, na wengi wao huliona aibu kulieleza mbele ya baba au mama.

Hasara ya kuficha

Hapo ndipo dhihaka inapogeuka kuwa hasara. Kijana anayechekwa sebuleni haachi kutazama. Huhamia kwenye simu, chini ya shuka, saa 6 usiku, akiwa na vifaa vya masikioni. Anachokitazama hakimhusu tena mtu mwingine yeyote nyumbani.

Akikutana na jambo la kutisha au la aibu, hana wa kumuuliza. Atamwulizaje mama aliyekwishasema kwamba vitu hivyo ni upuuzi? Uongozi wa mzazi huondoka wakati ule ule unapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Wakati huo huo, mdogo wake wa miaka 6 ameachwa mbele ya runinga na flashi ile ile, kwa sababu nyumba nzima inaamini kwamba katuni hazina madhara. Kosa moja limezaa yote mawili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kucheza na kuburudika. Inampa pia haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mzazi amlinde na kumwongoza. Haki hizo hazigongani, ila haziwezi kutimia katika nyumba ambayo watu wake hawasemezani.

Ushabiki ni ushabiki

Mzazi anayetaka kuelewa kinachomvuta mwanawe hana haja ya kwenda Tokyo. Aende uwanjani Majaliwa, hapo Ruangwa.

Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ilimaliza ikiwa ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho nchini, ambako ilifungwa na Simba mabao 2-1. Msimu uliofuata ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa wilaya ambayo Watanzania wengi walikuwa hawawezi kuionyesha kwenye ramani, hayo yalikuwa makubwa. Watu walilia kwa furaha, na hakuna aliyewauliza kama mpira unajaza sufuria.

Shabiki huyo anajua kungoja siku ya mechi. Anajua majina, historia na takwimu ambazo hazimwingizii senti. Anajua kukaa kibanda umiza, amebanwa kwenye benchi, kwa sababu furaha ya peke yake haikolei. Kila anachokijua kuhusu ushabiki, mwanawe anakijua pia. Kilichotofautiana ni uwanja.

Ukweli ni kwamba nyanja hizo mbili zimewahi kukutana. Mwaka 1981 mchoraji Yoichi Takahashi alianza kuchapisha Captain Tsubasa, hadithi ya mvulana anayeota kuwa mchezaji bora duniani, wakati Japani haikuwa na ligi ya kulipwa wala haikuwahi kufika Kombe la Dunia. Ligi hiyo ilianza mwaka 1993, na mwaka 1998 Japani ikacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mhispania Fernando Torres amesimulia jinsi katuni hiyo ilivyomvuta kwenye soka utotoni. Katika nchi za Kiarabu, pamoja na Ghuba wanakoishi Waswahili wengi, ilitiwa sauti za Kiarabu na kujulikana kama Captain Majid.

Baba wa Ruangwa anayetafuta pa kuanzia, basi, anaweza kuanzia hapo. Mchezo wenyewe anaujua.

Kutoka kutazama hadi kuchora

Si kila shabiki wa anime atakuwa mchoraji, kama ambavyo si kila shabiki wa Namungo atavaa jezi yake uwanjani. Lakini wapo ambao madaftari yao yamejaa michoro pembeni ya kazi za shule, na ambao hupigwa marufuku kabla mtu hajauliza kama wana kipaji.

Kusini ina mfano wake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, jirani na Nachingwea. Alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alifariki dunia mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Mwaka 2010 mtindo wake wa wanyama wenye rangi kali uligeuzwa kuwa katuni za televisheni, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa hadi Uingereza.

Dar es Salaam nako, shirika la Ubongo lilianza mwaka 2014 kurusha Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zinazofundisha hesabu na sayansi. Kazi hizo zinahitaji wachoraji, watunzi, waigizaji wa sauti na wahariri. Hata hivyo, kijana asidanganyike kwamba mlango huo ni mpana. Hata Japani, wachoraji wengi wa ngazi za chini hulipwa kidogo kwa saa nyingi za kazi. Kipaji kinahitaji shule, si kisingizio cha kuikimbia.

Wazazi wanapaswa kukumbuka kuwa yamewahi kutokea mengine. Vijana walipoanza kuimba Bongo Fleva miaka ya 1990, wakubwa waliuita muziki huo uhuni. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, maarufu Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 Joseph Haule, maarufu Profesa Jay, akawa mbunge wa Mikumi. Waliozomewa wakaitwa waheshimiwa.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza ni ya kijana. Miaka ambayo filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilijaa mitaani, Watanzania wengi walizielewa kwa sababu ya watafsiri kama Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyesimulia kwa Kiswahili kile kilichosemwa kwenye picha. Kijana na awe Lufufu wa nyumba yake. Achague kipindi kimoja kinachofaa mbele ya wazee, akae na mama au baba, na awasimulie. Anayependa kitu kwa dhati hashindwi kukieleza.

Hatua ya pili ni ya mzazi. Atazame kipindi hicho kimoja hadi mwisho, bila simu mkononi. Halazimiki kukipenda. Akimaliza, aulize ni nani anayetafuta nini, na kwa nini mwanawe yuko upande wa yule na si wa huyu. Majibu atakayoyapata yatamweleza mambo mengi kuhusu mwanawe kuliko kuhusu Japani.

Hatua ya tatu ni ya wote wawili: kukubaliana. Vipindi vingapi kwa siku za shule, vingapi kwa likizo, saa ngapi runinga ni ya mpira na saa ngapi ni ya anime, na nini kisichotazamwa mdogo wao akiwapo. Katika jambo hilo la mwisho, shabiki wa anime ndiye mkaguzi bora nyumbani, kwa kuwa anazijua kazi hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Kijana aliyepewa jukumu la kumlinda mdogo wake hahitaji kuambiwa tena kwamba yeye si mtoto.

Mwisho wa yote, mzazi atabaki na Namungo yake na kijana na mashujaa wake wenye nywele za miiba. Hakuna ubaya katika hilo. Wahenga walisema mapenzi ni majani, huota popote. Walichokiacha kwa wenye nyumba ni kazi ya kutambua lipi ni jani la mboga na lipi ni la sumu, na kazi hiyo haifanyiki kwa kulitazama shamba kutoka barabarani.